Nyumba kwa Jina la Mume: Umaskini wa Wanawake na Suala la Makao katika Miji ya Katanga na Usumbura

Wataalamu wengi wanaoshughulikia umaskini wa wanawake wa mijini huanza na mshahara, kisha wakaja kwenye soko, kisha kwenye shule. Ni nadra waanze na nyumba. Hata hivyo, anayefuatilia historia ya miji iliyozaliwa na ukoloni wa Kibelgiji, hususan Elisabethville (Lubumbashi ya leo) na Usumbura (Bujumbura ya leo), hugundua kwamba suala la makao ndilo lililotangulia mengine yote. Katika miji hiyo mwanamke hakuwa maskini kwa sababu tu ya kukosa kazi ya mshahara. Alikuwa maskini kwa sababu paa lililomfunika lilikuwa sehemu ya mshahara wa mtu mwingine. Mtu huyo akifa, akifukuzwa kazi au akimwacha, paa nalo liliondoka.

Lugha ya Kiswahili yenyewe ina ushahidi wake juu ya jambo hili. Neno «mwenye nyumba» halina jinsia. Laweza kumhusu mwanamume au mwanamke, na katika miji ya pwani wanawake wengi wameitwa hivyo tangu zamani bila mtu yeyote kushangaa. Lakini mwanamume mwenye adabu asiyetaka kumtaja mkewe mbele ya watu husema tu «nyumbani», na mwanamke anayetunzwa na mume wa mtu huitwa «nyumba ndogo», au kwa desturi ya Kikongo iliyotoka katika Kifaransa, «biro ya pili». Mwanamke amefanywa kuwa nyumba. Kumiliki nyumba ni jambo lingine, na hapo ndipo historia inapoanza.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mji wa Elisabethville ulianza mwaka 1910, mwaka ule ule ambao reli kutoka kusini ilifika mahali hapo. Kwa muda wa miaka kama 15 ya mwanzo, migodi ilitegemea wanaume walioandikwa kwa mikataba mifupi, wengi wao wakitoka Rhodesia ya Kaskazini, ambao walikuja peke yao, wakafanya kazi, wakarudi kwao ikiwa maradhi hayakuwamaliza. Katika mpango huo mke hakuhesabiwa. Makazi ya wakati huo yalikuwa ya kulala tu, si ya kuishi. Mambo yalibadilika kuanzia miaka ya 1927 na 1928. Migodi ya Rhodesia ilikuwa ikifunguliwa na kuwavuta vibarua kule kusini. Gharama ya kuwaandika watu wapya kila mara ilikuwa kubwa. Na vifo vilikuwa vimeharibu jina la kampuni. Ndipo wakuu wa Union Minière wakaamua kuwaimarisha wafanyakazi mahali pamoja, kwa mikataba ya miaka 3, wakichukua watu kutoka Lomami na Kasai na hata Ruanda-Urundi, na wakaanza kuhimiza kila mfanyakazi awe na mke.

Mwanamke aliingia kambini kama sehemu ya hesabu hiyo. Kampuni ilimkopesha mfanyakazi mahari. Ilitoa posho kwa mke na watoto, ikajenga zahanati, mahali pa kujifungulia, na shule zilizokabidhiwa kwa wamisionari. Ilijenga pia nyumba za matofali zilizopangwa kwa safu, kila moja na namba yake. Mkuu wa kambi, ambaye wakazi walimwita changachanga, alijua nani analala wapi. Hakuna haja ya kukana kwamba maisha hayo yalikuwa na nafuu. Wazee wengi wa Lubumbashi wamekuwa wakiyakumbuka kwa majonzi, na usemi unaoeleza kwamba kazi ndiyo baba na ndiyo mama umebaki vinywani mwa watu hadi leo. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, katika utafiti wake juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, ameonyesha vizuri jinsi kampuni ilivyojiweka mahali pa mzazi: ikalisha, ikavisha, ikaelimisha, ikaadhibu.

Jambo linalopaswa kutazamwa kwa makini ni kwamba mzazi huyo alikuwa na mtoto mmoja tu aliyeandikwa kitabuni, naye ni mfanyakazi. Mke alikuwa na haki ya posho kwa sababu yeye ni mke wa namba fulani. Alilima bustani kando ya kambi, akauza ziada ya mboga na mahindi, pengine akapika pombe kwa siri maana ilikatazwa, lakini hakuna hata kimoja katika vitu hivyo kilichomhakikishia chumba. Msukosuko wa uchumi ulipoingia, kati ya mwaka 1930 na 1932, kampuni ilipunguza wafanyakazi wake kwa zaidi ya nusu. Watu walirudishwa makwao pamoja na jamaa zao. Mwanamke aliyekuwa ametengeneza bustani yake kwa miaka miwili aliiacha na mazao yakiwa shambani. Kwa mjane hali ilikuwa hivyo hivyo hata katika miaka ya neema: mume akishazikwa, nyumba ilihitajiwa na mfanyakazi mwingine. Njia alizobakiwa nazo zilikuwa kurudi kwa ndugu zake kijijini, kurithiwa na ndugu wa marehemu, kuolewa upesi na mfanyakazi mwingine wa kambi, au kwenda kutafuta chumba mjini.

Mjini maana yake ni mtaa wa Waafrika, yaani Albert, ambao sasa unaitwa Kamalondo, na baadaye Kenya na Katuba. Kwa dekreti ya tarehe 23 Novemba 1931 serikali ya koloni ilianzisha utawala wa pekee kwa mitaa ya namna hiyo, iliyoitwa vituo vilivyo nje ya mila. Jina hilo lina maana nzito kwa mada hii. Mwanamke aliyekuwa kijijini alihesabiwa kuwa chini ya mila na chini ya chifu. Mwanamke wa kambini alikuwa chini ya mume na chini ya kampuni. Lakini mwanamke aliyeishi mtaani peke yake alikuwa nje ya mila na nje ya kampuni pia. Ili akae huko alihitaji kibali. Ili apate kibali alihitaji sababu ya kuwapo. Na sababu iliyokubalika zaidi ilikuwa ni mume.

Kazi ya mshahara ambayo ingeweza kumpa sababu nyingine ilikuwa imefungwa. Katika miji mingine ya dunia, utumishi wa nyumbani umekuwa mlango wa wanawake maskini, kazi inayoambatana na mahali pa kulala. Katika Elisabethville kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Maboyi ndio waliopika, waliofua, waliopiga pasi, nao ndio waliolala katika vyumba vya nyuma ya uwanja wa bwana. Historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili na André Yav mwaka 1965, iitwayo «Vocabulaire», ambayo Johannes Fabian aliichapisha pamoja na maelezo mwaka 1990, ilitungwa kwa ajili ya watumishi hao. Ni maandishi ya thamani kubwa kwa wanaosoma Kiswahili cha Katanga. Lakini ni historia ya mji kama unavyoonekana na mwanamume aliyeishi nyuma ya nyumba ya Mzungu. Andiko la namna hiyo lililotungwa na mwanamke aliyepanga chumba Kamalondo lingekuwa na msamiati tofauti.

Katika mitaa hiyo ya nje ya mila, serikali ilibuni aina mpya ya mlipa kodi. Kawaida kodi ya kichwa ilimhusu mwanamume. Tangu mwaka 1910 ilikuwapo pia kodi ya nyongeza kwa mwenye wake zaidi ya mmoja. Baadaye wanawake wa mijini wasio na mume nao wakatozwa, na katika karatasi za hesabu ya watu wakaandikwa kuwa ni wanawake «wanaoishi peke yao kinadharia». Neno hilo «kinadharia» linastahili kuchunguzwa na mtu wa isimu. Karani aliyeliweka hapo hakuwa akieleza hali ya mwanamke. Alikuwa akieleza shaka yake mwenyewe. Mwanamke asiye na mume hakuaminika kuwa yuko peke yake, wala hakukubaliwa kuwa yuko na mtu. Katika Kifaransa cha kila siku aliitwa mwanamke huru, na uhuru huo ulimaanisha kwamba anauza mwili wake. Mjane mwenye umri wa miaka 60, mwanamke aliyetalikiwa, mwanamke aliyeachwa na mume aliyekwenda kutafuta kazi mbali, na mwanamke aliyeishi kwa umalaya, wote waliwekwa katika kapu moja.

Kodi hiyo haikuwa ya biashara, ingawa ilidai kuwa hivyo. Haikuuliza mtu amechuma kiasi gani. Iliuliza tu kama ana mume. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kuiona kuwa kodi ya kuwapo mjini: mwanamke mwenye mume alipata makao kupitia kwake, na asiye na mume alinunua ruhusa ya kukaa kwa fedha, juu ya pango alilolipa kwa mwenye chumba. Wakuu wa utawala walizoea kuitetea kama hatua ya kulinda maadili, lakini sanduku la mtaa liliihitaji, na ni vigumu kuamini kwamba mtu hupenda kukomesha kitu kinachompa mapato.

Dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950 dhidi ya ndoa za wake wengi iliongeza utata. Kuanzia tarehe 1 Januari 1951 ndoa mpya ya mke wa pili haikutambuliwa, na vituo vya nje ya mila vilifungiwa wenye wake wengi. Mke wa pili hakutoweka kwa sababu ya sheria. Aliendelea kupikia mume yule yule na kumzalia watoto, ila mbele ya karani alikuwa sasa mwanamke anayeishi peke yake. Nancy Rose Hunt, katika makala yake ya mwaka 1991, ameeleza kwa undani jinsi sheria iliyokusudiwa kulinda ndoa ilivyozalisha wake waliofichwa chini ya jina la malaya.

Mahali ambapo jina hilo lilikataliwa kwa sauti kubwa palikuwa Buyenzi. Huo ni mtaa wa Waswahili wa Usumbura, wa Waislamu waliokuwa na asili mbalimbali: Wamanyema, watu wa pwani, Warundi na Wakongo waliosilimu, wote wakiunganishwa na Kiswahili na msikiti. Katika jumuiya ya namna hiyo talaka haikuwa aibu ya kudumu, na mjane alikuwa na heshima yake. Sheria ya Kiislamu ilimpa mwanamke fungu katika mirathi, hata kama lilikuwa dogo kuliko la ndugu yake wa kiume, na mali yake ilibaki yake hata alipoolewa. Mwanamke mtu mzima aliyeishi peke yake huko Buyenzi, akipangisha chumba au akiuza vyakula, alijijua kuwa ni mama wa watu. Katikati ya miaka ya 1950 wanawake hao waliinuka dhidi ya kodi ya wanawake wasio na mume. Hoja yao haikuwa kwamba fedha ni nyingi tu. Walikataa kupewa jina. Kulipa kulikuwa sawa na kukiri, na cheti cha kodi kilikuwa cheti cha umalaya.

Wengine wanaweza kusema kwamba huo ulikuwa ugomvi wa heshima, si wa umaskini wala wa makao. Kuvitenganisha vitu hivyo ni kosa. Mwanamke aliyepewa jina hilo alipoteza wapangaji wema na wateja, pia watoto wa kulea ambao wazazi wao wangemwamini, maana yake alipoteza njia zote ambazo mwanamke asiye na mshahara huzitumia kulipia chumba chake. Wanawake wa Buyenzi walilielewa jambo hili bila kuhitaji nadharia. Kama neno ufeministi lina maana yoyote katika historia ya miji inayosema Kiswahili, basi linafaa hapa, ingawa wao wenyewe hawakulitumia, nao walizungumza kama Waislamu na kama majirani, sio kama tabaka la wanawake peke yake.

Ulinganisho na Nairobi unasaidia kuona kilichokuwa cha pekee katika mpango wa Kibelgiji. Janet Bujra mwaka 1975 na Luise White mwaka 1990 wamechunguza vijiji vya Pangani na Pumwani, ambako Manispaa ya Waingereza, kwa ubahili zaidi kuliko kwa hisani, iliwaachia Waafrika wajijengee wenyewe. Wanawake waliofika Nairobi katika miaka ya mwanzo, wengi wao kwa njia ya umalaya, waliweka akiba wakajenga nyumba za udongo na mbao kwa mtindo wa Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, wakapangisha chumba kimoja kimoja. Katika Pumwani zaidi ya theluthi ya wenye nyumba walikuwa wanawake. Wengi walisilimu, na waliokosa watoto wa kuwazaa walichagua warithi, mara nyingi wanawake vijana waliowapokea kama binti. White anaeleza kwamba hata namna za umalaya zilitofautishwa kwa makao: watembezi walitafuta wateja njiani, wakati aliyeitwa malaya hasa ni yule aliyengojea ndani ya chumba chake. Bila chumba hakuwa malaya. Na chumba kilimfungulia njia ya kuwa mwenye nyumba.

Hili si jambo la kupamba. Wanawake hao walilipa gharama kubwa kwa miili yao, na viwanja vyao havikuwa na hati ya kudumu. Pangani ilibomolewa mwaka 1939 na watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo, katika nyumba za Manispaa. Lakini nyumba mbovu ya Pumwani ilikuwa na mwenyewe, na nyumba imara ya kambi ya Union Minière haikuwa naye. Mwanamke wa kambini alikaa chini ya bati zuri zaidi, akala posho ya hakika zaidi, watoto wake wakatibiwa vizuri zaidi, kisha siku moja akatoka na vyombo vyake kichwani.

Katika miaka ya mwisho ya ukoloni serikali ya Ubelgiji ilijaribu kuwapa Waafrika nyumba za kumiliki. Ofisi ya Miji ya Waafrika, OCA, iliundwa mwaka 1952 ikajenga maelfu ya nyumba katika Léopoldville, Elisabethville, Bukavu, Usumbura na kwingineko. Mtaa wa Ngagara mjini Bujumbura umeendelea kuitwa Ocaf na wakazi wake. Nyumba hizo zililipiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, kwa hiyo zilimfaa mwenye mshahara wa kudumu, yaani karani, fundi, askari, mwalimu. Wakati huo huo nyumba za malezi ya jamii, kama ile ya Usumbura iliyofanya kazi kuanzia mwaka 1946 hadi 1960, ziliwafundisha wake za watu hao kushona, kupiga pasi, kupika na kupanga sebule. Mwanamke alifundishwa kuitunza nyumba katika mwaka ule ule ambao mumewe alifundishwa kuilipia.

Baada ya uhuru kambi zilibadilisha bwana lakini sio utaratibu. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na Gécamines iliyozaliwa humo ikarithi nyumba, hospitali, shule na orodha za majina. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilitangaza kwamba ardhi ni mali ya taifa, na kwamba haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa na cheti cha uandikishaji peke yake. Zaire iliridhia Mkataba wa kuondoa ubaguzi wote dhidi ya wanawake mwaka 1986. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Agosti 1987, ilitoa Sheria ya Familia iliyomfanya mume kuwa mkuu wa kaya, ikamtaka mke apate idhini ya mume kabla ya kufunga mapatano ya kisheria, na ikachukulia kwamba mume ndiye msimamizi wa mali, ya pamoja na hata ya mke mwenyewe, bila kujali aina ya mapatano ya ndoa. Mwanamke aliyetaka kununua kiwanja Katuba kwa fedha zake za likelemba, alizozipata kwa kuuza makala au mikate, alihitaji sahihi ya mume ambaye pengine hakuchangia hata faranga moja.

Sheria hiyo ilikuja katika wakati mbaya. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji wa shaba ukaanguka, na mishahara ikacheleweshwa miezi kwa miezi. Katika miaka ya 1992 na 1993 maelfu ya familia za Wakasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, zikaacha nyumba ambazo wengine walizaliwa ndani yake. Wanawake ndio waliolisha nyumba katika miaka hiyo, jambo ambalo hakuna anayelibisha, kwa kuuza sokoni, kulima pembezoni mwa mji, kupika lutuku. Lakini wakati kampuni ilipoendesha mpango wa kuondoka kwa hiari mwaka 2003 na 2004, na wafanyakazi wapatao 10,000 wakapewa kiinua mgongo, fedha zilitoka kwa jina lililoandikwa orodhani, na majina hayo karibu yote yalikuwa ya wanaume.

Katiba ya mwaka 2006 inataja haki ya makao yanayostahili katika kifungu cha 48. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa sharti la idhini ya mume, na huo ni ushindi uliotafutwa na vyama vya wanawake kwa karibu miaka 30. Kwa mjane, lakini, sehemu muhimu iko katika mirathi. Sheria ya Familia inawaweka watoto katika daraja la kwanza la warithi. Mjane anapewa haki ya kuikalia na kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe, bila kuwa mmiliki wake. Ni haki yenye nguvu kuliko aliyokuwa nayo mjane wa kambini, ambaye hakuwa na yoyote. Ila inamhusu mke ambaye ndoa yake inatambuliwa, na ndoa nyingi za kimila mjini hazijaandikishwa komuni. Inahusu pia nyumba ambayo hati yake inaweza kuonyeshwa, ilhali katika mitaa mingi ya Lubumbashi watu wana karatasi ya kiwanja iliyotolewa na komuni tu, ikiwa na jina la marehemu, nayo huwa mikononi mwa yeyote aliyewahi kuichukua siku ya matanga.